Leseni Imesomwa

Kazini walimwita Mzee wa Leseni, ingawa hamsini alikuwa hajaifikisha na mvi zake ungeweza kuzihesabu. Jina alipewa na vijana wa ghorofa ya pili kwa utani, naye akalipokea kama mtu aliyepandishwa cheo. Alipenda kumsikia mtu akiulizwa, "Umemwonyesha Mzee wa Leseni?" na mwulizwa akinywea kwa sababu jibu lilikuwa hapana. Tusimwonee. Kila mtu ana kitu kimoja kinachomvimbisha kichwa, na chake kilikuwa hicho.

Alikuwa mtu wa kusoma maandishi madogo tangu utotoni. Baba yake alikuwa karani wa ghala, na mtoto alikuwa akishinda kati ya makasha akisoma kilichoandikwa ubavuni, hata pale alipokuwa haelewi. Ukubwani hakubadilika. Benki alisoma fomu yote kabla ya kutia saini, foleni nyuma yake ikinung'unika. Aliponunua birika la umeme alisimama dukani akisoma karatasi ya dhamana, muuzaji akaenda kula, akarudi, akamkuta yuko ukurasa wa pili. Mkewe, mwalimu wa shule ya msingi, alikuwa akiwasimulia wageni kisa hicho na wote wakicheka, yeye akicheka kuliko wote.

Kampuni yao ilitengeneza programu za hospitali: ya kupokea wagonjwa, ya maabara, ya stoo ya dawa. Programu kama hizo haziandikwi zote na kampuni. Sehemu kubwa ni vipande vilivyoandikwa na watu wengine, huko huko waliko, wakaviweka wazi mtandaoni ili anayetaka achukue. Kimoja kinajua kusoma tarehe, kingine kinachora grafu, kingine kinabana picha. Ni vya bure, lakini bure yenye masharti. Kila kipande kina leseni yake inayosema mwenyewe anataka nini. Huyu anataka jina lake lisifutwe, yule anataka ukikitumia uwaonyeshe wenzako na maandishi uliyoandika wewe, mwingine hataki kitu ila asishtakiwe kikiharibika. Kazi ya Mzee wa Leseni ilikuwa kuvifungasha vipande hivyo kabla havijaingia kwenye mtambo wa kujengea programu, na kuandika kila kimoja ni cha nani, ni toleo gani, na kimechukuliwa kwa masharti gani. Vilikuwa mia nne na kitu, na vingi alivijua kwa kichwa.

Mtambo ule ulikuwa na ulinzi wake. Katika faili la kila kifurushi kulikuwa na namba ndefu iliyokokotolewa kutokana na maandishi ya leseni yenyewe, kiasi kwamba mtu akibadilisha hata nukta moja, namba inakuwa nyingine kabisa. Likiletwa toleo jipya la kipande, mtambo unakokotoa upya. Namba zikilingana, kazi inaendelea. Zisipolingana, mtambo unagoma na kuandika kwa rangi nyekundu kwamba leseni imebadilika. Hapo mfungashaji anatakiwa afungue leseni ya zamani na mpya, azisome bega kwa bega, aone kilichobadilika, ndipo aingize namba mpya na aandike mstari mmoja wa kueleza alichokiona.

Sasa ubaya wa jambo ni huu. Mtambo ukigoma, unakutajia na namba mpya pale pale. Mvivu hana haja ya kusoma chochote. Anainakili, anaibandika, na mlango unafunguka. Ni kazi ya sekunde nne. Na kwa kuwa mara tisa kati ya kumi kilichobadilika ni mwaka tu unaoandikwa juu ya leseni, mikono ya watu inazoea kuwa miepesi.

Mzee wa Leseni alilipigia kelele jambo hilo kila alipopata nafasi. Wageni wa idara aliwakalisha siku ya kwanza na kuwaambia kwamba kubandika namba bila kusoma ni kutia saini mkataba wa mtu ukiwa umefumba macho. Aliwatajia mtu mmoja aliyeondolewa kwenye idara kwa kosa hilo. Hakuwaambia kwamba mtu huyo alikuwa shemeji yake.

Shemeji mwenyewe alikuwa mdogo wa mwisho wa mkewe, kijana mtulivu, mchapakazi, bado hajaoa. Mzee wa Leseni ndiye aliyemleta kazini na kumfundisha kufungasha. Mwaka haujaisha, shemeji akabandika namba. Kipande chenyewe kilikuwa kidogo na leseni yake haikuwa na madhara, lakini mkaguzi wa ndani aliliona na jambo likaletwa kwenye kikao. Mzee wa Leseni angeweza kusema kijana bado anajifunza. Badala yake alisimama. Alisoma kwa sauti mstari ambao shemeji yake alikuwa ameuandika: "Leseni imesomwa. Hakuna kilichobadilika ila mwaka." Akausoma mara ya pili, polepole, kwa dharau. Akasema mtu anayeweza kuandika uongo kama huo kwa mkono wake hafai kuaminiwa na vifurushi, awe ndugu wa nani. Wiki iliyofuata shemeji akahamishiwa kupokea simu za wateja, na baada ya miezi miwili akafunga virago mwenyewe. Siku hizi alikuwa na duka la kutengeneza printa na kupiga fotokopi, nyuma ya soko.

Watu walimsifu Mzee wa Leseni kwa siku ile. Walisema mtu asiyempendelea hata shemeji yake ni wa kuaminiwa. Nyumbani, mkewe alimsikiliza hadi mwisho, akasema tu, "Umefanya ulivyoona wewe," akaenda kuangalia chakula jikoni. Yeye akalichukua neno hilo kama sifa, akalala usingizi mzuri.

Miaka minne ikapita. Ndipo ikaja hospitali moja kubwa kutaka programu ya maabara, na kabla ya kukubali wakaleta mkaguzi wao wa leseni, mwanamke mwembamba mwenye miwani, asiye na haraka na mtu. Alikaa kwenye chumba kidogo cha mikutano siku nane akisoma kifurushi kimoja kimoja. Mzee wa Leseni alimpelekea chai mwenyewe. Alikuwa akipita mlangoni na kuchungulia kwa furaha ya mwanafunzi aliyejiandaa vizuri anayesubiri matokeo. Siku ya tisa, mkuu wa idara akamwita ofisini.

Mkuu alikuwa mama wa makamo aliyekuja kampuni miaka miwili nyuma, hakuyajua mambo ya zamani. Alimweleza kwa upole. Kile kipande kinachochora grafu za vipimo kilibadilisha leseni yake miaka minne iliyopita. Mwenye kipande alikuwa ameongeza sharti kwamba anayeuza programu yenye kipande chake lazima ampe mnunuzi maandishi yote ya programu hiyo, ayaone na kuyarekebisha akitaka. Kampuni ilikuwa imeuza programu ikiwa imefungwa, kwa hospitali zaidi ya thelathini, bila kumpa mtu hata mstari. Juu ya sharti, mwenyewe alikuwa ameandika maneno machache ya kawaida kabisa, na mkuu aliyasoma: kwamba kwa miaka tisa watu wamechukua kazi yake bila hata kumwandikia asante, kwamba ndiyo sababu ya mabadiliko, na kwamba tafadhali, wewe unayechukua, soma kwanza.

Kisha mkuu akageuza skrini. Pale palikuwa na tarehe, siku ya Jumanne, saa sita kasorobo mchana. Palikuwa na jina la Mzee wa Leseni. Chini ya jina palikuwa na mstari: "Leseni imesomwa. Hakuna kilichobadilika ila mwaka."

Mdomo wake ulianza wenyewe kutafuta pa kutokea. Alisema wakati ule mama yake alikuwa mgonjwa. Hakufika mbali. Mama yake aliugua mwaka uliofuata, na tarehe ilikuwa inamtazama. Ukweli aliujua, na ulikuwa mdogo wa kutia kichefuchefu: wenzake walikuwa wamesimama mlangoni wakimwita twende tukale, naye hakutaka kuachwa. Mtu aliyesimama dukani nusu saa kusoma dhamana ya birika alishindwa kusoma ukurasa mmoja kwa sababu ya wali wa kantini.

"Mzee, usijitese," mkuu alisema. "Hakuna mtu humu ambaye hajawahi kubandika namba. Tutaking'oa hicho kipande ndani ya wiki mbili, tutamwandikia mwenyewe kumwomba radhi, na hospitali zote tutaziambia. Kwenye ripoti tutaandika ni upungufu wa utaratibu. Jina lako halitatokea."

Naye akasema asante. Jamani, alisema asante, na akainama kidogo.

Alirudi mezani kwake akakaa. Msidhani alikuwa amesahau. Jumanne ile ilitangulia kikao cha shemeji kwa wiki tatu tu. Siku alipoyasoma yale maneno mbele ya watu, neno la pili halijatoka mdomoni alishatambua kwamba ni yake, neno kwa neno. Alijua kwamba mtu yeyote akifungua kurasa chache nyuma atayakuta yakiwa na jina lake. Hofu hiyo ndiyo iliyompandisha sauti. Aliyasoma mara ya pili kwa dharau ili pasiwe na mtu atakayefikiria kumtafuta yeye. Na alipofanikiwa, alilifukia jambo hilo chini kabisa, akapanda juu yake, akahubiri miaka minne akiwa amesimama hapo hapo.

Na sasa yeye alikuwa amepewa "usijitese", kwa kosa lililokuwa kubwa mara kumi kuliko lile la shemeji yake. Aibu ilimshika hadi masikioni. Mtu akicheka upande wa pili wa chumba, alidhani anachekwa yeye. Kijana mmoja akaja kumwuliza kuhusu leseni ya kipande kipya, akimwita Mzee kwa heshima zote, naye akashindwa kumtazama usoni.

Siku tatu alizunguka na jambo hilo. Kumwambia mkewe aliona hawezi. Mkewe alikuwa amemkosa mdogo wake mezani kwa miaka minne. Shemeji alikuja siku za misiba na siku za kuugua watoto, akasalimia, akaondoka. Yote hayo yalistahimilika kwa sababu nyumbani pale palikuwa na mume wa haki. Akiliondoa hilo, pangebaki nini? Jumamosi mchana akapiga moyo konde, akaenda nyuma ya soko.

Duka lilikuwa chumba kimoja, mashine ya fotokopi mlangoni, printa zilizofunguliwa matumbo hadi darini. Shemeji alikuwa ameinama juu ya moja, vidole vyeusi kwa unga wa wino. Alipomwona alisimama haraka, akafuta kiti kwa kitambaa kilichokuwa kichafu kuliko kiti.

"Karibu, shem. Nyumbani wazima? Au printa ya ofisini imekufa?"

Alisema nyumbani wazima, na printa nzima. Hakukaa. Alijua akikaa ataanza kuzungumzia bei ya wino, kwa hiyo alisema pale pale akiwa amesimama, kama mtoto anayekariri. Alisema kwamba alibandika namba bila kusoma. Kwamba ilikuwa wiki tatu kabla ya kile kikao. Kwamba yale maneno aliyomsomea mbele ya watu yalikuwa yake mwenyewe, na alikuwa anajua wakati anayasoma. Katikati alipotea, akalazimika kuanza tena.

 Shemeji alikuwa ameshika rola ya printa, akiigeuza taratibu mkononi.

"Najua, shem," alisema.

"Unajua nini?"

"Kazi si nilijifunzia kwako? Kila ulichoandika nilikuwa nakisoma, nione fundi mwenyewe anafanyaje. Mtambo uliponigomea, nikarudi kuangalia ulipokugomea wewe ulifanyaje. Nikaona namba mpya umeiingiza dakika ile ile, hata ukurasa haujasomeka. Nikafanya vile vile. Hata maneno nilichukua yako. Nilidhani ndivyo yanavyoandikwa."

Mzee wa Leseni alishika ukingo wa mashine ya fotokopi. Akauliza kwa nini hakusema kikaoni, alipokuwa na kila haki ya kusema, alipokuwa anatukanwa.

Shemeji aliinua mabega. "Ningesema, ungeondoka wewe. Ukiondoka wewe, ni dada na watoto. Nikiondoka mimi, ni mimi tu."

Alilisema bila uchungu, kama mtu anayeeleza kwa nini alichagua njia hii akaacha ile. Laiti angetukana. Mzee wa Leseni alikuwa amejiandaa kutukanwa, hata ngumi alikuwa ameifikiria njiani, na pengine aliitamani.

"Na dada yako," aliuliza, "utamwambia?"

"Dada anajua. Nilimwambia jioni ile ile. Nilikuwa na hasira, nilitaka nije pale kwenu niseme mbele yako. Akanikataza. Akasema, 'Mwache. Atakuja kusema mwenyewe, mimi namjua mume wangu.'" Shemeji akaiweka rola chini na kwa mara ya kwanza akatabasamu. "Mimi nilishakata tamaa zamani, shem. Yeye hapana. Nenda kamwambie umekuja mwenyewe. Atafurahi sana."

Mteja akaingia na cheti cha kupiga fotokopi, nakala mbili. Shemeji akamhudumia. Mzee wa Leseni alisimama pembeni akijua kwamba kuna neno lazima aliseme sasa hivi, kwamba hakuja mwenyewe kama shemeji anavyodhani, kwamba amekamatwa. Mteja alilipa, akaondoka. Shemeji alimshika bega kwa mkono mweusi, akausahau, akacheka alipoona amechafua shati, akaomba radhi. Lile neno halikusemwa.

Njiani kwenda nyumbani alitembea polepole. Alikumbuka jioni ngapi mkewe alimpokea mlangoni kwa swali lile lile, kazini kwema, huna la kuniambia? Yeye alikuwa akijibu kwema, na wakati mwingine akimsimulia jinsi alivyomkamata kijana fulani hakusoma leseni yake. Naye mwanamke alikuwa akimsikiliza hadi mwisho. Kwa miaka minne alimpa nafasi kila siku, na kila siku yeye alimletea hadithi ya makosa ya watu wengine. Alifika kona ya nyumba yao akageuka nyuma, akatembea hadi kituo cha mafuta bila sababu, kisha akarudi.

Mkewe alikuwa mezani, karibu na dirisha, akisahihisha madaftari ya darasa lake. Rundo moja limekwisha, lingine bado. Aliinua macho, akaona shati. Alama za vidole vyeusi zilikuwa zimebaki begani.

"Umetoka kwa mdogo wangu," alisema.

Akajibu ndiyo. Akavuta kiti, na safari hii akakaa. Akasema yote aliyoyasema dukani, kwa mpangilio ule ule, na ilikuwa ngumu zaidi ijapokuwa alijua kwamba anamwambia mtu anayejua. Mkewe alikuwa ameweka kalamu chini. Uso wake ulilegea kidogo kidogo kadiri alivyosikiliza, ukawa na kitu ambacho hakuwa amekiona kwa muda mrefu, na aligundua kwa uchungu kwamba kitu hicho kilikuwa furaha. Alipomaliza, mkewe alinyoosha mkono akaushika wake.

"Nilimwambia utasema," alisema. "Kila mwaka ananiambia sahau, namwambia subiri." Kisha, labda kwa sababu ya miaka yake ya kuishi na watoto wanaojieleza, akamtazama vizuri. "Imekuwaje leo? Umeamua tu?"

Angeweza kusema ndiyo. Lilikuwa neno moja, na hakuna ambaye angelikagua. Mkuu alikuwa ameahidi kwamba jina halitatokea popote, na mkaguzi mwenye miwani alikwisha kuondoka. Ndugu wawili hawa wangekaa meza moja Jumapili, wakimsifu mtu aliyechukua miaka minne lakini akaja kwa miguu yake. Aliutazama mkono wa mkewe juu ya wake, una wino mwekundu kwenye kidole cha shahada.

"Hapana," alisema. "Nimekamatwa. Jumatano, kazini. Wameliona wenyewe. Wasingeliona, nisingesema."

Mkewe hakuuondoa mkono haraka. Aliuacha pale kwa muda, halafu akaurudisha upande wake wa meza, akachukua kalamu, akavuta daftari lililofuata. Alilifungua. Alisoma jibu la kwanza la mtoto, akaweka alama ya vema, akaenda la pili.

"Asante kwa kuniambia," alisema, bila kuinua kichwa, kwa sauti ya adabu anayoitumia kwa wazazi wa wanafunzi wake.